Kozi ya vitundu vya mawe ya chokaa, Kampala: siku ya hadubini safi, siku ya kompyuta hapana

Wale mnaoniuliza inbox kama ile kozi ya kukadiria mafuta pale Ntinda inafaa, inafaa, ila sio yote. Jina la kampuni siweki hapa.

Kwanza mjue ni ya mawe ya kaboneti, yaani chokaa na dolomaiti, kama yale ya Ghawar, lile eneo kubwa la mafuta kule Saudi Arabia. Mafuta yetu ya hapa Uganda, ya miradi ya Tilenga na Kingfisher, yamo kwenye mawe ya mchanga, so kama unataka kitu cha kutumia kesho Buliisa utalia na hela yako. Tangazo lao halikusema hivyo, na hapo wametukosea jamani.

Sasa siku ya hadubini, hiyo ndio kozi yenyewe. Wanakupa vipande vya mwamba vilivyosagwa vyembamba mpaka mwanga unapita, vimejazwa gundi ya bluu, penye bluu ndio kitundu. Mwalimu ni mzee wa Kitanzania, mpole, ukimwambia shikamoo anaitikia halafu anakuuliza swali gumu hapohapo. Anaanza na mpangilio wa aina za vitundu wa wanajiolojia Choquette na Pray wa 1970, kisha anakupeleka kwa ule wa mwenzao Lucia: vitundu vya kati ya chembe, matundu yaliyobaki baada ya kombe (ganda la mdudu wa baharini) kuyeyuka, mipasuko. Haya ya kombe ndio matapeli, ni kama mandazi, ndani hewa kibao lakini kila tundu limejifungia kivyake, porositi (yaani asilimia ya mwamba iliyo vitundu) unasoma namba tamu na mafuta hayatoki.

Halafu akatupigia hesabu, hapo hata waliokuwa wanasinzia waliamka. Fomula ya Archie ya 1942, ya kukadiria maji yaliyomo kwenye vitundu kwa kupima umeme unavyopita kwenye mwamba, ina ile m, namba inayoonyesha vitundu vimeungana vipi, na wengi wetu tunaweka 2 tu basi tunasonga. Chukua mwamba wa porositi 20%, kwa m ya 2 umepata maji 25% ya nafasi ya vitundu, kwa hiyo mafuta 75%. Ukija kuona vitundu vimejitenga ukaweka 3, usiguse kitu kingine, maji yanaruka mpaka karibu 56% na mafuta yanabaki 44%. Kisima kilekile! Mipasuko inafanya kinyume, inashusha m chini ya 2. Na akasema logi ya soniki, yaani kipimo cha sauti kinachoshushwa kisimani, peke yake huwa inayapita matundu ya kujitenga bila kuyahesabu vizuri, ilinganishe na logi za densiti na nyutroni, zinazohesabu vitundu vyote, zikiachana sana shtuka.

Siku ya kompyuta sasa, loh. Laptop moja watu watatu, programu inakwama, kijana anayefundisha anasoma slaidi neno kwa neno, tumebonyeza vitufe bila kujua tunabonyeza nini. Matoke na binyebwa vya mchana vilikuwa vitamu kuliko somo.

Bei imechangamka, ila waulizeni kama mnaweza kulipia siku ya mzee peke yake, na mkifika kaeni meza za dirishani, hadubini za kule nyuma taa zake zinafifia.