Kupima mkondo wa mkojo nyumbani: tathmini ya huduma ya kifaa cha kuazimwa

Kwa mwanamume ambaye mkojo wake hutoka kwa kusuasua, kipimo cha hospitali kina kasoro ya msingi: huambiwa akojoe saa ambayo hakubanwa, huku wenzake wakisubiri mlangoni, kisha tarakimu hiyo moja ikategemewa katika kuamua matibabu. Ndiyo maana niliipokea kwa moyo mkunjufu huduma ya kliniki moja hapa Uingereza, ambayo humwazima mgonjwa faneli yenye kihisio aende nayo nyumbani, na matokeo humfikia daktari kupitia simu.

Ubora wake ni kwamba hupima haja ndogo ya kawaida, ya mchana na ya usiku wa manane, na kila mara hurekodi saa, ujazo na kasi ya juu kabisa. Kasi inayozidi mililita 15 kwa sekunde kwa kawaida haitii shaka, na iliyo chini ya 10 hudokeza tatizo, mradi mkojo wenyewe usipungue mililita 150, maana kiasi kidogo hupotosha kipimo. Mchoro wa kasi hiyo kwa mtu asiye na tatizo hupanda na kushuka mfano wa kengele. Wangu ulikuwa mrefu na bapa, na baada ya kuanza tamsulosin, dawa inayolegeza misuli ya tezi dume na shingo ya kibofu, niliuona ukiinuka, jambo ambalo kipimo kimoja cha kliniki kisingelithibitisha.

Maelekezo, hata hivyo, yana pengo. Hayasemi kwamba anayestanji kwa maji aondoe faneli kwanza, la sivyo maji ya kopo yatahesabiwa kuwa mkojo. Kubwa zaidi, matokeo yangu yalikaa bila kusomwa mpaka nilipopiga simu, na programu ilikuwa ikionyesha rangi nyekundu bila neno la maelezo. Hilo si jambo dogo, kwa sababu kasi ndogo peke yake haibainishi kama tezi dume imebana njia au misuli ya kibofu imelegea, wala haionyeshi mkojo unaobaki kibofuni baada ya kukojoa, ambao hupimwa kwa ultrasaundi.

Naipendekeza kwa dhati kwa aliyeanza dawa au anayeamka mara kwa mara usiku, lakini kabla ya kukubali kifaa aulize ni nani atakayesoma matokeo, na lini. Aliyezibwa mkojo kabisa, au anayekojoa damu, asisubiri kifaa. Aende hospitali mara moja.