Msaada wa bure wa mawakili ulivyonifaa katika mirathi ya mume wangu

Mwaka jana, nikiwa bado ndani ya eda hapa Morogoro, ndugu wa marehemu mume wangu walikaa kikao cha ukoo, wakampendekeza shemeji yangu awe msimamizi wa mirathi, kisha wakaniletea muhtasari niutie sahihi. Niliomba muda. Jirani akanieleza kwamba kampuni moja ya uwakili ya hapa mjini hutoa msaada wa kisheria bila malipo kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, katika ofisi ya serikali ya mtaa wetu, na ilipotimia miezi 4 na siku 10 ya eda nikaenda.

Nilipokewa na wakili kijana, binti mwenye umri wa mwanangu wa kwanza. Nilidhani ataanza na cheti cha kifo au cheti cha ndoa, na kweli vyote alivitaka baadaye, lakini swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Mama, nyumba hii mliijenga kwa fedha za nani?" Tangu msiba ulipoingia hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Kwa miaka mingi nimeuza nyanya na vitunguu katika Soko Kuu la Chifu Kingalu, na tofali nyingi za nyumba ile zilitokana na mikopo yangu ya vikoba. Aliposikia hayo, aliniambia nimpelekee daftari la kikundi ofisini kwao Jumatatu, pamoja na risiti zozote zilizosalia. Alilifungua ukurasa kwa ukurasa, akinakili tarehe ya kila mkopo na kuilinganisha na risiti za saruji ambazo wino wake ulikuwa umekwisha kufifia, na palipokuwa na sahihi ya mweka hazina aliniuliza kama mama huyo angali hai na kama anaweza kuja kutoa ushahidi.

Hapo ndipo alipoyaweka wazi mambo ambayo nyumbani yalikuwa yamechanganywa. Mimi, kama mjane wa Kiislamu mwenye watoto, fungu langu la mirathi ni thumuni, yaani sehemu moja ya nane, na hilo sikulipinga hata siku moja. Lakini thumuni huhesabiwa katika mali ya marehemu peke yake, baada ya kutoa gharama za maziko na madeni yake, na kile nilichochangia kwa jasho langu hakiwezi kuitwa mali ya marehemu. Alinieleza pia kwamba msimamizi hapewi mali iwe yake, bali hukabidhiwa kazi ya kuikusanya, kulipa madeni na kuwagawia warithi, na kwamba muhtasari wa kikao cha ukoo huisaidia mahakama ingawa si sharti la sheria, kwa hiyo kukosekana kwa sahihi yangu hakukuwa kosa.

Aliandika kwa Kiswahili pingamizi langu la shemeji kuwa msimamizi peke yake, akanisomea lote kwa sauti, na sehemu mbili nilizosema hazikuwa sawa akazirekebisha palepale. Katika mahakama ya mwanzo nilijieleza mwenyewe, kwa kuwa alikuwa amenifundisha nijibu nilichoulizwa tu na nisiwataje mashemeji kwa ubaya. Hakimu alitusikiliza sote, akatuteua mimi na shemeji kuwa wasimamizi kwa pamoja.

Kasoro zipo, na ningependa wahusika wazisikie. Baada ya uteuzi wakili wangu alihamishiwa kazi nyingine, na aliyempokea hakukabidhiwa maelezo yoyote, ikanibidi nianze kusimulia upya tangu siku ya msiba. Kwa mtu aliyefiwa hilo ni zito, tena lilitupotezea wiki tatu ilhali msimamizi hupewa miezi 4 tu kuwasilisha mahakamani orodha ya mali na madeni, yaani Fomu Namba 5. Vilevile hakuna aliyenieleza mapema kwamba bure ni kazi ya wakili peke yake. Nakala, nauli na ada za mahakama nilizilipa mwenyewe, na mama mmoja tuliyekuwa naye foleni hakurudi tena kwa sababu hiyo. Jambo hili lisemwe siku ya kwanza, kabla mtu hajakaa kitini.

Aliyeniokoa katika wiki zile tatu ni msaidizi wa kisheria wa kata yetu, mmoja wa wale wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambaye hushirikiana na kampuni hiyo na ndiye aliyekuwa na nakala za karatasi zangu zote. Mjane atakayekwenda pale aonane naye kwanza, na abebe kila karatasi aliyo nayo, hata ile anayoiona haina maana.

Fomu Namba 5 tuliiwasilisha siku 6 kabla ya muda kwisha. Mchango wangu katika nyumba umeandikwa peke yake, nje ya mali ya marehemu, na chini ya sahihi yangu ipo ya shemeji.