Dadangu kafunguliwa valvu ya moyo kwa puto, nyota 5 kwa kazi yenyewe, mipango 2

Nilijiapiza nikirudi Lamu ntaandika, manake kabla hatujaenda nilitafuta mtu wa kunieleza hii kitu kwa Kiswahili nikamkosa. Dadangu ana miaka 31. Kutoka gatini mpaka kwetu Langoni alikuwa apumzika mara tatu, atweta utadhani kapanda ngazi za minara yote ya mji, usiku alala kwa kukaa na mito mitatu mgongoni, na sisi twajua ni pumu tu, dawa ya kuvuta alivuta mwaka mzima bure. Kumbe ni valvu ya maitrali, ule mlango wa damu ulio upande wa kushoto wa moyo, imekaza, mabaki ya homa ya rumati ya utotoni, yani zile koo tulizotibiwa kwa asali na ndimu tukaona zimepona. Eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, ilisoma uwazi wa valvu sentimita mraba 0.9, ya mtu mzima mwenye afya huwa 4 hadi 6.

Safari si lazima nieleze, boti mpaka Mokowe, basi mpaka Mombasa, kisha Nairobi. Tumefika, twaambiwa puto halijaletwa, rudini wiki ijayo. Wiki ijayo pia halipo!! Mtu ametoka kisiwani na mgonjwa asiyeweza kutembea, simu moja tu ingetosha jamani.

Lakini siku ilipofika wallahi sikuamini. Kifua hakikuguswa. Alipigwa ganzi ya paja tu, yuko macho, wakapitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni upande wa kulia, wakatoboa kitundu kwenye ukuta wa kati kuingia kushoto, puto likajazwa sekunde chache pale penye valvu, zile ngozi zilizogandana zikaachana. Daktari alituonyesha puto jengine kama lile, lina kiuno katikati kama kibuyu, akasema ni kazi ya Mjapani Kanji Inoue, alianza kulitumia 1982. Dada asema kilichomliza ni kile kipimo cha kumeza mpira wa eko kabla yake, wa kuangalia kama kuna damu iliyoganda moyoni, si puto. Baadaye uwazi wa valvu ukasoma 1.8 na usiku ule ule alilala chali, mamangu akawa aamka kila saa kumwangalia kama yuhai.

Sasa jambo ambalo hakuna aliyetwambia mpaka siku ya kutoka, tena tumeuliza sisi: valvu ni ile ile, haikubadilishwa, inaweza kukaza tena baada ya miaka, na sindano ya penisilini ya kila wiki nne, ya kuzuia homa ya rumati isirudi, iko pale pale. Na si kila mtu afaa, yako ikiwa imejaa chokaa au yavuja sana watakupeleka kupasuliwa.

Ukienda beba leso mbili za ziada, utalazwa masaa mguu umenyooshwa na wodi ile ina baridi ya kufa mtu.