Maji ya bomba au kulanti: kipi kinailinda gasketi ya silinda hedi?

Arusha mjini ni takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na huku maji huchemka karibu nyuzi 95, si 100. Mfuniko wa rejeta hubana presha ili yasichemke mapema, lakini raba yake ikichoka, gari linachemsha mlimani, hedi ya alumini (kifuniko cha juu cha injini) inapinda na gasketi, kile kizibo chembamba kati ya hedi na injini, inaachia. Kulanti (kimiminika cha kupozea injini) iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yasiyo na madini huchemka nyuzi kadhaa juu zaidi.

Ila tofauti kubwa ni kutu. Maji matupu hula alumini taratibu kuzunguka matundu ya hedi, hadi gasketi inakosa pa kukalia. Kulanti ina dawa ya kuzuia hilo, ingawa nayo huisha nguvu. Ile ya kijani ya kawaida ibadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi.

Maji ni ya bure, kweli. Kusawazisha hedi si bure. Ukikwama njiani, tuseme Kikatiti, ongeza maji injini ikishapoa, ufike. Oili ikishakuwa kama chai ya maziwa, yaani maji yameingia ndani yake, hakuna cha maji wala kulanti: zima, gari livutwe.