Alaimenti Arusha: nani anyooshe usukani uliolala upande

Gari linakwenda sawa, halivuti kokote, lakini usukani umelala kulia au kushoto. Kwenye Corolla za miaka ya 1990, RAV4 za mwanzo, Noah na Land Cruiser zilizokwishapiga mashimo na matuta ya kutosha, tatizo hili ni la kila siku. Mjini hapa utapewa njia tatu: duka la matairi lenye mashine ya kompyuta, fundi wa gereji anayepima kwa kamba na rula, na yule anayekwambia ulete gari aung'oe usukani na kuurudisha ukiwa umenyooka. Hiyo ya tatu tunaikataa. Mbili za kwanza zinafaa, ila kinachoamua ubora wa kazi ni kama usukani umefungwa katikati kabla fundi hajagusa tairodi, zile fito zinazoelekeza matairi ya mbele. Mashine nzuri bila hilo ni hela ya bure.

Tuanze na ya kung'oa. Usukani umekaa kwenye meno ya shafti, na ukiuhamisha jino moja au mawili utauona umenyooka. Reki, yaani chuma cha meno kinachosukuma tairodi, iko palepale, nje ya katikati. Gari litakata kona kali upande mmoja na pana upande wa pili, indiketa itakuwa inazima mapema au kuchelewa, na kama kuna eabegi, ule utepe wa waya uliojiviringisha nyuma ya usukani unaweza kuvutwa kuliko urefu wake hadi ukatike. Ukikatika, taa ya eabegi inawaka na honi inakufa.

Kuna hali moja tu ambapo kung'oa ni sahihi: pale mtu aliyetangulia alipouweka vibaya. Kipimo chake ni rahisi. Nyanyua matairi ya mbele, zungusha usukani mpaka mwisho wa kushoto, kisha hesabu mizunguko hadi mwisho wa kulia. Ikiwa mitatu, rudisha mmoja na nusu; hapo ni katikati ya reki. Usukani ukiwa umenyooka hapo, kosa liko kwenye tairodi. Ukiwa umepinda, meno yalikosewa. Kwenye gari lenye eabegi, toa waya wa betri na usubiri angalau sekunde 90 kabla ya kufungua chochote.

Sasa duka la kompyuta. Fundi anayejua kazi haanzi na skrini. Anapima upepo wa matairi yote manne, ananyanyua gari na kutikisa kila tairi la mbele. Likicheza ukilishika kushoto na kulia, tairodi endi (kiungo cha nje cha tairodi) au reki endi (cha ndani) imekwisha. Likicheza juu na chini, tazama boljointi na beringi. Bushi za ami, ule mkono unaoshika tairi, zikiwa zimepasuka, alaimenti (mpangilio wa uelekeo wa matairi) haikai hata wiki. Ukiona gari linapandishwa na kufungwa vipimo moja kwa moja, shuka uulize.

Kisha anawasha injini ili pawa ya usukani ifanye kazi, anachezesha usukani kushoto na kulia kidogo, anauacha katikati na kuubana kwa chuma kinachosimama kati ya kiti na usukani. Hiki ndicho kifaa cha kukitafuta kwa macho. Maduka mengine hayakitumii. Fundi msaidizi anaushika kwa mkono huku anaongea na simu.

Kosa linalorudisha wateja wengi ni kurekebisha upande mmoja tu. Skrini huonyesha jumla ya toini, yaani tofauti ya upana kati ya mbele na nyuma ya matairi ya mbele. Jumla hiyo inaweza kuwa ya kijani, yaani ndani ya kipimo, huku tairi moja likitazama ndani kupita kiasi na la pili nje. Ukiingia barabarani, matairi yanajigawia tofauti hiyo sawa na usukani unalala. Dai karatasi, na usome namba ya tairi la kushoto na la kulia kila moja peke yake: zinatakiwa zilingane. Dai na namba za nyuma. Matairi ya nyuma yakitazama upande, gari linatembea kiubavu na usukani hautanyooka hata mbele kukiwa safi kabisa.

Fundi wa kamba asidharauliwe. Kamba mbili zilizovutwa sambamba na gari, rula ya milimeta na usukani uliofungwa vinatosha kupanga toini; gari nyingi ndogo za Toyota hutaka kati ya milimeta 0 na 2 za kuingia ndani. Asichoweza ni kupima vizuri mlalo wa tairi na wa shokapu, kwa hiyo gari lililogonga kingo za barabara likapinda ami si lake.

Kama toini ni nzuri na usukani tu ndio umelala, unazungusha tairodi zote mbili kwa kiasi kilekile. Kwenye magari ambayo reki iko nyuma ya ekseli, usukani uliolala kulia hurekebishwa kwa kurefusha tairodi ya kushoto na kufupisha ya kulia. Anza na robo mzunguko kila upande, ambayo kwa gari dogo ni kama digrii 3 kwenye usukani, kisha pima tena. Legeza kibano cha buti ya reki (mfuniko wake wa mpira) kwanza, la sivyo buti inajisokota, inachanika na vumbi linakula reki. Nati iliyoshika kutu ilowekwe mafuta ya kupenyeza. Ukiona moto wa gesi unasogezwa hapo, zuia, maana unaunguza grisi na mpira wa endi. Mwisho, linganisha uzi unaoonekana nje kushoto na kulia. Tofauti ikizidi milimeta 1.5, kuna kitu kimepinda au usukani umewahi kuchezewa.

Land Cruiser za 70 na 80 zenye ekseli ngumu mbele, na Defender za zamani, ni habari nyingine. Rodi ndefu ya tairi kwa tairi inapanga toini. Inayotoka kwenye boksi ya usukani ndiyo inayonyoosha usukani. Unalegeza vibano, unazungusha hiyo ya pili, unakaza. Kwa magari haya tungempa kazi fundi wa kamba bila wasiwasi. Kwa gari la reki tungelipia kompyuta, mradi chuma cha kubana usukani kipo.

Usilipe kabla ya kuliendesha. Barabara zetu huinamia kushoto kumwaga maji, kwa hiyo usukani kuegemea kulia kidogo sana ni kawaida. Tafuta sehemu tambarare, kwa mfano vile vipande vilivyonyooka baada ya Usa River kuelekea njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA. Ukirudi, inama uguse nati za kufungia tairodi zote mbili kwa spana. Zinazosahaulika kukazwa ndizo zinazorudisha usukani upande baada ya siku chache, na ikilegea kabisa, tairi linajielekeza linakotaka.