Nibu za Lamy Safari: kutoka EF hadi milimita 1.9

Wanunuzi wengi wa kalamu ya wino huchagua kwanza rangi ya kalamu, ilhali kinachoamua kama wataandikia kila siku au wataitupia kwenye droo ni upana wa nibu, yaani kipande cha chuma cha mbele kinachoandika. Lamy Safari, kalamu ya Kijerumani iliyoingia sokoni mwaka 1980, inafaa sana kwa ulinganisho huu, kwa kuwa nibu yake huchomolewa kwa kuivuta mbele na nyingine ikatiwa mahali pake, huku kalamu, wino na karatasi vikibaki vilevile.

Nilinakili aya ileile kwa kila nibu kwenye daftari lenye mistari ya milimita 8. Maandishi ya Kiswahili ni mtihani mzuri kwa kazi hii, maana yamejaa a na e, herufi zenye tumbo dogo linaloziba upesi. Katika neno “maandalizi”, nibu za EF (nyembamba sana) na F (nyembamba) ziliacha kila a wazi. M (ya wastani) ilianza kuyabana matumbo hayo. Na B (pana) iliyajaza wino kabisa, hata a ikafanana na doa. Nilipozikuza herufi kidogo, B hiyohiyo ikatoa mwandiko wa kupendeza, wenye wino uliokolea. Kwa hiyo mwenye herufi ndogo achukue F, na mwenye mwandiko mkubwa asiiogope B, ila akumbuke kwamba wino wake hukawia kukauka. EF inataka mkono mwepesi na karatasi laini. Anayetoka kwenye kalamu za Kijapani kama Pilot azingatie pia kwamba F ya huko kwa kawaida huwa nyembamba kuliko F ya Ulaya.

Kwenye kaligrafia, yaani sanaa ya mwandiko wa kupendeza, mambo hubadilika. Nibu hizo nne zina ncha ya mviringo, kwa hiyo mstari wake hautofautiani sana kokote mkono uendako. Zile za milimita 1.1, 1.5 na 1.9 zimekatwa bapa: ukizishika kwa pembe ya digrii 45, mstari unaopanda kulia huwa mwembamba kama uzi na ule unaoshuka kulia hutanuka kwa upana wote wa nibu. Hati ya italiki, ile yenye herufi zinazoinama kidogo kulia, hupimwa kwa nibu yenyewe, mwili wa herufi ukiwa na kimo cha upana wa nibu mara 5, yaani milimita 5.5 kwa nibu ya 1.1 na 7.5 kwa ile ya 1.5. Ndiyo sababu italiki ya 1.1 kwenye daftari la kawaida hulazimu kuruka mstari.

Kwa anayejifunza ninaipendekeza 1.5 bila kusita, kwa kuwa pembe ikiyumba kidogo tu, kosa linaonekana papo hapo katika herufi n, wakati 1.1 hulificha. Ile ya 1.9 inapendeza kwenye vichwa vya habari na kadi, lakini hunywa wino mwingi na huhitaji karatasi kubwa isiyo na mistari.