Ushauri wa lishe kwa wanawake wa mazoezi, Tanga mjini: kizuri ni dodoso, kibaya ni mizani

Huduma hii ya wiki 12 imelengwa kwa mwanamke anayetoa jasho: anayekimbia alfajiri upande wa Raskazone, anayekwenda jimu mara tatu kwa wiki, na yule ambaye mazoezi yake ni baiskeli ya kila siku, kama walivyo akina dada na akina mama wengi wa Tanga. Siku ya kwanza ni ana kwa ana, kisha kila wiki kuna simu moja, na yanayobaki yanakwenda kwa WhatsApp. Ada inalipwa kwa awamu tatu. Tumeipitia tukiwa na swali moja: mteja akimaliza, atakuwa anakula kwa amani na kushiba, au ataondoka anaogopa wali?

Tuanze na dodoso la siku ya kwanza, maana hapo ndipo pesa inapolipa. Haliulizi kilo kwanza. Linaulizia hedhi: ilikuja lini mara ya mwisho, na mzunguko una siku ngapi. Linaulizia maumivu ya mfupa wa muundi yasiyokwisha, usingizi, mafua ya mara kwa mara, ujauzito, kunyonyesha, sukari na presha. Linauliza pia, kwa lugha ya staha, kama mteja amewahi kula kwa kujificha, kujitapisha au kutumia dawa za kuharisha ili apungue. Mwenye kukosa hedhi miezi mitatu mfululizo bila ujauzito haanzishiwi mpango wowote. Anaambiwa aende hospitali kwanza. Hilo ni sawa kabisa. Chakula kikiwa kidogo kuliko kazi, mwili unabana matumizi: homoni za uzazi zinashuka, mifupa inadhoofika, misuli haijengeki hata ukinyanyua vyuma kila siku. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa hali hii jina lake mwaka 2014, na kwa Kiswahili tunaweza kuiita upungufu wa nishati katika michezo. Wanene nao huipata.

Dodoso lina tundu moja. Haliulizi njia ya uzazi wa mpango. Anayetumia sindano anaweza kukosa hedhi kwa sababu ya sindano, na anayetumia vidonge anaweza kutokwa damu kila mwezi huku mwili una njaa. Kwa wote wawili hedhi haitoi jibu, lazima utazame dalili nyingine.

Hesabu ya chakula imefanywa kwa uangalifu, na hapa huduma inazishinda zile karatasi za "kalori 1,200" zinazozunguka kwenye simu. Chukua mwanamke wa kilo 60, robo ya uzito wake ikiwa mafuta. Mwili usio mafuta ni kilo 45. Kila kilo kati ya hizo inahitaji takribani kalori 45 kwa siku ili mwili ufanye kazi zake zote, yaani 2,025. Akikimbia na kuchoma 400, anahitaji kama 2,425. Sasa mpe karatasi ya 1,200: toa 400 za mbio, zinabaki 800, gawa kwa kilo 45 zisizo mafuta, unapata chini ya 18 kwa kila kilo. Wataalamu wa michezo huona chini ya 30 ni hatari. Ndiyo maana wiki mbili za kwanza za huduma hii ni za kuongeza chakula, hata kwa aliyekuja kupunguza mwili. Wateja wengi hushtuka. Wavumilie.

Kuongeza kwenyewe kunafuata sufuria ya nyumbani. Chai ya rangi na mandazi mawili haifutwi. Inaongezewa mayai mawili, au bakuli la mbaazi. Protini inalengwa gramu 1.4 hadi 2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na inagawanywa: mwenye kilo 60 anayekula mara nne atafute kama gramu 21 hadi 30 kila mlo, asisubiri samaki wa usiku peke yake. Yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe cha maharage yaliyochemshwa kama 15. Nusu lita ya maziwa mgando, ambayo Tanga hayana shida kupatikana, inakaribia 17. Baada ya mazoezi, nusu lita hiyo na ndizi mbivu mbili inatosha. Hakuna haja ya kopo la unga wa protini.

Tunakosana na huduma hii kwenye tui. Mpango unafuta nazi moja kwa moja. Sasa mpishi wa Pwani atabaki na nini? Tui zito lina kalori nyingi katika ujazo mdogo, kweli, lakini kwa mkimbiaji asiyefikisha mahitaji yake hiyo ni faida. Anayetaka kupunguza atumie tui jepesi siku za kawaida, wali wake abaki nao.

Sehemu ya madini ya chuma imeandikwa vizuri. Mwanamke wa umri wa hedhi anahitaji kama miligramu 18 kwa siku, zaidi ya mara mbili ya mwanaume. Chuma cha maharage na mchicha hakinyonywi kirahisi, na chai inayonywewa pamoja na mlo inakizuia zaidi. Kwa hiyo chai isogezwe saa moja au mbili, na mahali pake likae chungwa la Muheza, ndimu kwenye mboga, au embe msimu ukifika. Dagaa na samaki wasaidie. Anayechoka bila sababu apime damu, na aombe feritini pia, yaani kipimo cha akiba ya chuma, kwani akiba hiyo huisha kabla himoglobini, kipimo cha kawaida cha wingi wa damu, haijashuka.

Jasho limepewa mistari michache, nayo inatosha. Kwenye joto na unyevu wa Januari au Februari, jipime uzito kabla na baada ya mbio za saa moja: kila kilo iliyopungua ni karibu lita moja ya maji. Dafu lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, kwa hiyo chumvi itoke kwenye chakula.

Na hayo ndiyo matumizi ya mizani tunayoyakubali. Huduma inataka picha ya mizani kila asubuhi, tena kwenye kundi la pamoja. Hapa inajibomoa yenyewe. Uzito unaweza kupanda kilo moja au mbili kwa maji tu: siku za kabla ya hedhi, baada ya chakula cha chumvi, baada ya kurudisha wanga kwenye misuli. Dada anayeona kilo imeongezeka ananyima tumbo mchana, saa tatu usiku anafakamia, kesho anajiadhibu kwa mbio. Kundi likishangilia waliopungua, aliyepanda ananyamaza, kisha anatoroka. "Siku ya kujiachia" ya kila Ijumaa inaongeza kidonda kilekile, kwa kuwa pilau ikishaitwa kujiachia, italiwa kwa hofu. Pilau ya shughuli ni chakula. Pakua, kula taratibu, ukishiba inuka.

Mshauri pia anauza unga wa protini. Anayeuza hawezi kukwambia huuhitaji. Ukitaka kununua hata hivyo, tazama kwanza kama una alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania.

Ramadhani haimo kabisa kwenye mpango, jambo zito kwa mji kama huu. Tungependa iandikwe hivi: mazoezi mepesi karibu na futari au baada ya tarawehe, daku isirukwe, maji yagawanywe usiku kucha badala ya kubugia lita mbili alfajiri.

Lipa awamu ya kwanza tu, ufaidi dodoso, hesabu na wiki nne za simu. Kabla hujalipa, sema wazi kwamba hutatuma picha ya mizani, wakikataa, usijiunge. Mwenye historia ya kujitapisha au kujinyima asianzie hapa. Aanzie kwa daktari na afisa lishe, Hospitali ya Bombo au kituo cha afya kilicho karibu, na mtu wake wa karibu amsindikize.